Kati ya Moshi na Jini

Katika sheria za Tanzania kuna kinywaji kinachoitwa moshi. Si moshi wa kuni, wala si mji ulio miguuni mwa Kilimanjaro. Sheria ya Moshi ya 1966 inalitumia neno hilo kumaanisha pombe kali inayopikwa kienyeji, ile tunayoiita gongo, ambayo Wakenya wanaiita chang'aa na ndugu zetu wa Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, wanaiita kachasu. Mtu akikutwa nayo bila leseni, anashtakiwa kwa kupatikana na moshi. Msomaji asiyejua anaweza kudhani mama wa watu amepelekwa mahakamani kwa sababu ya jiko lake.

Kwenye orodha ya vinywaji ya hoteli yenye bustani nzuri, iwe Mbeya au Dar es Salaam, kuna neno jingine: jini. Siku hizi si jini tupu tena. Kuna jini ya nanasi, ya pasheni, ya chungwa, ya matunda mekundu ya Ulaya ambayo wengi wetu tumeyajua kwenye maboksi ya juisi kabla ya kuyaona kwa macho. Jini hii ya kwenye chupa haina undugu na jini wa kwenye hadithi, ingawa anayeamka asubuhi na kichwa kizito anaweza kubisha.

Nimesoma historia kwa miaka kadhaa sasa, na swali linalonirudia ni la umbali kati ya maneno hayo mawili. Napenda kulipima nikiwa Kyela, kwenye tambarare ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kwa sababu pale kila kitu kinachohitajika kutengeneza jini ya matunda kinaota chenyewe au kinafinyangwa kwa mikono: migomba, michungwa, miembe, kakao, na vyungu vya Wakisi vinavyoletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe hadi kwenye soko la Lyulilo, jirani na Matema. Kimekosekana kitu kimoja tu, nacho ni ruhusa.

Tuanze na kazi yenyewe. Ukibandua lebo, gongo na jini ni watoto wa tumbo moja. Hamira hula sukari, iwe ya nafaka, ya miwa au ya ndizi mbivu, ikatoa pombe. Pombe hiyo ikichemshwa, kileo huanza kuruka mapema, kwenye nyuzi 78 hivi za Selsiasi, wakati maji yanasubiri nyuzi 100. Mvuke unapopozwa unarudi kuwa kimiminika, kikali kuliko kilichotoka chunguni. Vitabu vya shule vinaita ukenekaji. Kyela wanasema kupika.

Jini inaanzia hapo, kisha inapewa harufu ya tunda dogo la mreteni. Jina lake limetokana na mti huo, kwa njia ya Kiholanzi na Kifaransa. Mreteni wa jini ni wa nchi za baridi, lakini binamu yake, mtarakwa, anaota kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, na msitu wake wa asili ulio kusini kabisa mwa bara hili uko kwenye uwanda wa Nyika, Malawi, juu ya ziwa hilihili. Ukitaka jini ya matunda, unaloweka tunda ndani ya jini. Waingereza wa mashambani wamefanya hivyo muda mrefu na tunda pori chachu linalofanana na plamu dogo, wakiongeza sukari na kuacha chupa kabatini kwa miezi. Sukari ikizidi, kinywaji kinaingia ukoo wa likeri: pombe kali, tamu, yenye ladha ya tunda, mbegu au maua. Likeri haikuumbwa inywewe kwa glasi kubwa. Inatiwa kidogo kwenye kokteli ili ilete utamu na harufu kwa pamoja, au inanyunyizwa kwenye keki, inamwagwa juu ya aiskrimu, inalowekewa matunda ya kitindamlo.

Kuna kitindamlo kimoja cha aina hiyo ambacho Mnyakyusa angekitambua kwa macho, ingawa kilizaliwa New Orleans, Marekani, mwaka 1951, kwenye mgahawa wa Brennan's. Ndizi zinapikwa kwa siagi na sukari ya kahawia, zinatiwa likeri ya ndizi na ramu, kisha mhudumu anawasha moto na sahani inawaka mbele ya wateja. Kinaitwa Bananas Foster. Watu wanapiga makofi. Ndizi, pombe ya ndizi, moto: vitu vitatu ambavyo upande wa pili wa dunia vingemfanya mwanamke aangalie njia mara mbili asije akaja mgeni asiyemtaka.

Mwaka huohuo wa 1951 kilitoka kitabu cha Monica Wilson kuhusu vijiji vya rika vya Wanyakyusa, *Good Company*. Yeye na mumewe, Godfrey, walifanya utafiti kati ya Wanyakyusa miaka ya 1930, na jina la kitabu ni jaribio la kutafsiri neno la Kinyakyusa, *ukwangala*: kukaa pamoja, kula pamoja, kunywa pamoja, kuzungumza mpaka mtu ajifunze adabu na hekima ya watu. Pombe iliyokuwa katikati ya kikao hicho ilitokana na ulezi. Hadi leo kimpumu hunywewa kwa mirija, watu wamekizunguka chombo kimoja, maji ya moto yakiongezwa. Ni vigumu kunywa kimpumu kwa siri. Chombo ni kimoja, mirija ni mingi, na anayevuta kupita wenzake anaonekana.

Nalitaja hili kwa sababu mara nyingi historia ya gongo husimuliwa kama vile ulevi ndio utamaduni wetu wa asili. Pombe za asili za ufukwe huu zilikuwa nyepesi, zilichacha haraka, na zilidai kunywewa na wengi siku hiyohiyo. Pombe iliyokenekwa ni kitu cha tabia nyingine. Haichachi, inaingia kwenye chupa, inafichika chini ya kitanda, na inaweza kunywewa na mtu mmoja aliyeupa mlango mgongo.

Nani alifundisha nani kupika? Majina yenyewe yanaonyesha njia za biashara. Kachasu inatokana na Kireno, *cachaça*, pombe ya miwa ya Brazili. Konyagi, tunayoiita ya kwetu, ilipata jina kutoka Cognac, mji wa Ufaransa. Kileo kikali kilikuja na mabaharia, askari na wafanyabiashara, na nyuma yake zikaja sheria za kuamua nani akiguse.

Sheria kubwa ya kwanza ilikuwa Mkataba wa Brussels wa 1890. Mkataba huo unakumbukwa kwa vita dhidi ya biashara ya utumwa, lakini ndani yake kulikuwa na vifungu vya pombe kali. Wakati huo jini ya bei ya chini kutoka bandari kama Hamburg na Rotterdam ilikuwa imefurika pwani ya Afrika Magharibi. Mataifa yaliyotia saini yalichora ukanda kutoka latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini, yakakubaliana kwamba pale ambapo pombe ya kukeneka ilikuwa haijaenea isiingizwe wala isitengenezwe. Kyela iko kwenye latitudo ya 9 na nusu hivi kusini, ndani kabisa ya ukanda. Mwaka 1919, baada ya Ujerumani kupoteza makoloni yake, Mkataba wa Saint-Germain ulikazia marufuku hiyo.

Ukisoma kwa haraka unaona huruma. Ukisoma tena unaona mlango wa nyuma: wasio wenyeji waliruhusiwa kuagiza pombe yao. Chupa haikukatazwa. Kilichopangwa kilikuwa mkono utakaoishika.

Ziwa lenyewe lilishuhudia upande wa wenye ruhusa. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nahodha Mwingereza wa meli *Gwendolen*, Rhoades, na nahodha Mjerumani wa *Hermann von Wissmann*, Berndt, walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Tarehe 13 Agosti 1914 Rhoades aliifuata meli ya rafiki yake ikiwa imepandishwa kwa matengenezo huko Sphinxhaven, ambako leo ni Liuli, akaipiga mzinga. Berndt alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Hadithi hii husimuliwa kama kichekesho. Mimi naiona pia kama ushahidi mdogo: kwenye maji hayohayo, pombe ya maofisa ilikuwa urafiki, na pombe ya mwenyeji ilikuwa kesi.

Haifai, hata hivyo, kuifanya hadithi hii iwe ya Mwafrika na Mzungu tu, kwa sababu jini yenyewe iliwahi kuwa gongo. London ya mwanzoni mwa karne ya 18 ilijaa jini ya vichochoroni, ikiuzwa vyumbani, kwenye mikokoteni na kwenye vibanda, na wengi wa wauzaji wadogo walikuwa wanawake maskini. Mwaka 1736 Bunge lilidai leseni ya pauni 50 kwa mwaka kwa kila muuzaji wa rejareja, fedha ambayo mama wa kibanda asingeiona maishani mwake. Matokeo yake unaweza kuyakisia hata kama hujawahi kufika Uingereza: leseni chache mno zilinunuliwa, biashara ikaendelea gizani, wapelelezi wakalipwa kwa kuchongea, na wachongezi wakapigwa na umati. Sheria ililegezwa mwaka 1743. Ile ya 1751 ilikuja na njia nyingine, ikikaza masharti ya nani auziwe na nani auze. Kadiri miaka ilivyokwenda, jini ikahamia kwa wenye mitambo mikubwa, ikapata lebo, ikapata heshima, mwishowe ikapata kipande cha limau na barafu. Kinywaji ni kilekile. Kilichobadilika ni mwenye mtambo.

Baada ya uhuru, nchi zetu zilikuwa na nafasi ya kuchagua njia. Uganda ilipitisha sheria ya enguli mwaka 1965. Wapishi wa vijijini, ambao wengi walitumia ndizi, walitakiwa kuwa na leseni na kukiuza kileo chao kwa kiwanda, nacho kikikeneke upya na kukitia kwenye chupa. Kutoka kwenye mpango huo ikatoka Uganda Waragi. Upikaji wa vichochoroni haukukoma, lakini jina la pombe ya kijijini lilipata lebo, na leo Uganda Waragi ina chupa zenye ladha ya nanasi na ya nazi, zinazochanganywa na soda ya tangawizi kwenye baa za Kampala. Hiyo ni jini ya matunda ya Afrika Mashariki, na bibi yake mzaa baba ni enguli.

Sheria yetu ya 1966 nayo ilizungumzia leseni. Lakini jina la moshi limebaki kwenye hati za mashtaka. Halikufika kwenye lebo. Kiwanda chetu kilileta Konyagi, na Konyagi ikashika nafasi ya kinywaji cha taifa bila kupitia kwenye chungu cha mama yeyote wa kijijini. Kisha vikaja viroba, vifuko vya plastiki vya bei ya chini vilivyoweza kuingia kwenye mfuko wa sare ya shule, hadi Serikali ilipovipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017. Kenya ilijaribu njia nyingine mwaka 2010, ikaihalalisha chang'aa kwa masharti ya viwango, chupa na lebo.

Afrika Kusini walichukua tunda. Mwaka 1989 ilitoka likeri ya Amarula, ya maziwa na tunda la mmarula, na sasa iko kwenye kokteli na vitindamlo vya hoteli nyingi. Mti huo unaota hadi Tanzania, na kwa Kiswahili unaitwa mng'ongo. Kati ya mng'ongo na gongo kuna tofauti ya sauti ndogo tu, na kati ya hatima zao kuna tofauti ya bara zima.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linanihusu. Bibi yangu mzaa mama alipika gongo, katika kijiji kimoja upande wa Ipinda. Alianza babu alipofariki, na ada ya shule ya mama yangu ilitoka huko. Alitumia ndizi mbivu kupita kiasi, zile ambazo ganda lake limeshakuwa jeusi, na sukari ilipopatikana. Matone ya kwanza yaliyotoka kwenye bomba aliyamwaga. "Ya kwanza ni ya ardhi," alikuwa akisema, na mtu asingeweza kumshawishi vinginevyo. Mwishoni alitia maganda ya machungwa na ya limau kwenye chupa, akayaacha siku kadhaa. Wateja walisema yanakata harufu ya moshi. Sikuwahi kumwona akionja zaidi ya tone kwenye kiganja.

Miaka mingi baadaye nilisoma maelezo ya namna jini za matunda zinavyotengenezwa, nikakuta maganda ya machungwa yanalowekwa kwenye kileo, na matone ya mwanzo yanatengwa na kumwagwa kwa sababu hubeba kemikali zisizotakiwa. Bibi hakujua majina ya kemikali hizo. Alijua kazi. Hakuandika popote, kwa sababu nani anaandika ushahidi wa kosa lake? Nilipotaka kumuuliza vipimo vyake, alikuwa ameshazeeka, na hata hivyo aliteremsha sauti na kutazama mlango. Hakuna mtu aliyekuwa nje. Alifariki bila kunieleza aliacha maganda kwa siku ngapi.

Watu wa taaluma yangu huita hiyo historia simulizi, na hulalamika kwamba inapotea wazee wanapokufa. Hii ilipotea mapema kuliko kifo, kwa sababu ilikuwa imefundishwa kunong'ona.

Sitaki kumfanya bibi aonekane mtakatifu, wala gongo ionekane dawa. Inaua. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa nchini Kenya kwa pombe iliyokuwa na methanoli, na wengine wakapofuka. Kwa kawaida maafa ya namna hiyo hutokana na kemikali za viwandani zinazochanganywa na mwenye tamaa ili pombe iwe kali haraka. Lakini hata gongo iliyopikwa kwa uangalifu haina kipimo: chupa ya leo si chupa ya jana, na mnywaji hajui anachomeza. Nimemzika mjomba aliyekufa na ini lake, na mkewe hakuwa na hamu ya kusikia lolote kuhusu historia ya jini. Mama huyo akisema afadhali wote wakamatwe, ninanyamaza, kwa sababu ana haki ya kusema.

Ila kunyamaza kwangu hakubadili hesabu. Kinachofanya jini ya hoteli iwe salama kuliko ya Ipinda ni kipimajoto, maabara, kipimo cha kileo na mtu wa kuulizwa jambo likiharibika. Vitu hivyo vinanunuliwa na kufundishwa, kama vilivyonunuliwa London. Karne nzima ya kukamata imeacha ladha hotelini na hatari kijijini.

Na Kyela haijaacha kutoa ladha. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka wilaya hiyo. Ukipasua tunda la kakao, mbegu zimezungukwa na utando mweupe, mtamu, wenye uchachu kidogo. Watoto huzimumunya kama pipi. Mkulima hazikaushi mbegu hizo mara moja. Anazilundika kwenye sanduku la mbao au kuzifunika kwa majani ya migomba, na hapo hamira ya hewani inaanza kazi. Kwa siku moja au mbili za mwanzo utamu ule unageuka kuwa pombe. Baadaye bakteria wanaigeuza pombe kuwa siki, joto linapanda hadi karibu nyuzi 50, na ndani ya mbegu ndipo inapoanza kujengeka ladha ya chokoleti. Kwa hiyo kila chokoleti uliyowahi kula ilipita kwenye ulevi mfupi.

Mbegu zikikauka zinauzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi, zinapandishwa malori, zinavuka bahari. Ulaya kuna likeri ya kakao, na mwanzoni mwa karne ya 20 ilichanganywa na jini na krimu ya maziwa ikazaliwa kokteli iitwayo Alexander, ambayo hadi leo huletwa baada ya chakula kama kitindamlo cha kunywa, na kungumanga iliyokunwa juu yake. Mkulima wa Kyela anaweza kufa bila kujua kwamba kakao huwa kinywaji cha namna hiyo.

Ghana, taasisi ya utafiti wa kakao iliyoko Tafo ilichukua kile ambacho sisi tunakiacha, maji matamu yanayochuruzika kutoka kwenye lundo la mbegu, ikaonyesha kwamba yanaweza kutengenezwa jamu, siki, brandi na jini. Jini ya kakao, kutoka kwenye maji ya kumwaga, mikononi mwa watu wenye maabara na kibali.

Ukienda Kyela msimu wa mavuno, tafuta nyumba yenye masanduku ya kakao na usimame chini ya upepo. Siku ya kwanza utasikia harufu ya tunda, ya pili harufu ya pombe, ya nne harufu ya siki. Chini ya masanduku kuna mfereji mdogo wenye maji meupe yanayovutia nyuki. Mwenye nyumba anapita juu yake akibeba gunia. Maji yanaelekea kwenye migomba na kuzama.